Maksai wa Hereni Namba 0417

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Kata ya Kasoli, Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu
Kuhusu: Tuhuma ya wizi wa maksai mmoja
Jina: Flora Mboje
Umri: Miaka 41
Kabila: Msukuma
Dini: Mkristo
Kazi: Mkulima wa pamba na mahindi, pia muuza maandazi stendi
Makazi: Kasoli
Tarehe: 11/8/2025
Muda wa kuanza: Saa 2:10 asubuhi

Mimi Flora Mboje nina akili timamu na nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Koplo ameniuliza mara mbili kama nimetumwa. Sijatumwa. Angekuwepo wa kunituma ningekuja juzi.

Namfahamu Luhende Masalu, umri wake kama miaka sitini na kitu, ambaye yuko mahabusu hapa tangu Jumamosi. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu. Mume wangu alifariki mwaka 2019, na ng'ombe wetu wote sita waliishia kwenye matibabu yake. Mwezi Novemba mwaka huohuo, mvua zilipoanza, Luhende alikuja kwangu na ng'ombe wanne, maksai wawili na majike wawili, akawaingiza kwenye zizi langu ambalo lilikuwa limeshaota majani. Akaniita mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, hawa watalala hapa." Basi, maneno yaliishia hapo. Hatukuandikiana chochote.

Kwetu ng'ombe wa kulaza hana karatasi. Unayelaziwa unakamua maziwa, unalimia, unatumia samadi. Ng'ombe na ndama ni wa mwenye mali, na siku akimtaka anakuja kumchukua; ndama waliozaliwa kwangu wote alishawachukua. Wanangu watatu wamekunywa maziwa ya Luhende miaka inakaribia sita, na hajawahi kunitajia hata kikombe kimoja.

Koplo amesema yeye ni mtu wa Tanga, na ameniuliza mbona hakuna jirani aliyekuja kusema maksai ni wa nani. Namjibu hivi. Huku mtu haulizi ng'ombe walio zizini ni wa nani, kama ambavyo huwezi kumuuliza mwanamke huyu mtoto umezaa na nani. Na wewe uliyelaziwa hutangazi. Mwenye mali hapendi watu wajue anao wangapi, maana kuna wezi, kuna wivu, na kuna ndugu wenye shida zisizoisha. Ukimtaja umemchongea. Mimi nimelelewa hivyo, na kosa langu lilianzia hapo.

Mwezi wa kumi mwaka jana kikundi chetu cha akina mama, kinachoitwa Kuni Chache, kilipata ruzuku ya miradi ya jamii ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Tuko wanachama ishirini na wawili, mwenyekiti wetu ni Felisita Januari. Ruzuku ni ya kujengewa mitambo ya gesi ya samadi ili tuache kukata miti. Miti yenyewe imekwisha. Kuni tunazifuata mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi, na ukifika unakuta wenzako wameshang'oa mpaka visiki.

Sharti la ruzuku ni kwamba kila mwanachama awe na ng'ombe wake mwenyewe wasiopungua wanne, kwa sababu mtambo usipopata samadi unakufa. Tuliambiwa mahali pengine watu walijengewa, kisha wakauza ng'ombe, mitambo ikabaki mashimo ya kutumbukia kuku. Kwa hiyo safari hii kila ng'ombe wa mwanachama alivalishwa hereni ya njano yenye namba. Orodha ya namba na majina ikapelekwa kwa karani wa mnada, ili ng'ombe wa hereni hiyo asiuzwe bila mwenye jina kuridhia.

Mnamo tarehe 28/5/2025, saa nne asubuhi, alifika kwangu afisa wa mradi anayeitwa Sia, pamoja na mtu wa kuvalisha hereni. Felisita alikuwa amesimama nyuma yao. Sia aliniuliza, "Mama, hawa wanne ni wa kwako?" Nikajibu ni wangu. Nilijibu haraka, kama mtu anayeitikia salamu. Niliona namfichia mzee wa watu mali yake, na hapohapo najipatia gesi. Nilijiona mjanja kweli. Wakavalishwa hereni sikio la kushoto, wakaandikwa kwa jina langu. Maksai mwekundu ndiye namba 0417.

Luhende alipowaona wiki hiyo alicheka sana. Akasema, "Mayu, umewavalisha hereni kama mabinti wanaokwenda Bariadi mjini." Nilimwambia ni mambo ya mradi wa gesi. Hakuuliza zaidi na mimi sikueleza zaidi.

Mnamo tarehe 7/8/2025, siku moja kabla ya Nane Nane, Luhende alikuja kwangu jioni. Alikuwa hana utani siku hiyo. Aliniambia mke wake, Scola, amepangiwa upasuaji wa uvimbe wa tumboni katika hospitali ya Mwanza, tarehe 11/8/2025, yaani leo. Akasema hana njia nyingine, Jumamosi atamchukua yule maksai mwekundu ampeleke mnadani. Nilimwambia, "Baba, si wako? Chukua." Kuhusu hereni, haki ya Mungu haikunijia kichwani. Jumamosi tarehe 9/8/2025, saa kumi na mbili asubuhi, alikuja akamfungua, tukaagana vizuri.

Siku hiyohiyo ya Jumamosi walifika wageni wanne kutoka kwenye ofisi inayotoa ruzuku. Walikuja kukagua kabla ya kuidhinisha awamu ya pili. Awamu ya kwanza ilijenga mitambo kumi na mmoja, na wangu ulikuwa kwenye kumi na mmoja iliyobaki. Walifika kwangu saa tano na dakika ishirini, wakiwa na Sia na Felisita. Wakahesabu ng'ombe, wakapata watatu. Mgeni mmoja akauliza wa nne yuko wapi. Nikasema amekwenda kunywa maji lamboni. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Kabla hawajaondoka zizini simu yangu iliita. Aliyepiga alisema ni askari aliyeko mnadani. Akauliza kama nina maksai mwekundu mwenye hereni namba 0417. Nikasema ninaye. Akauliza kama nimempa mtu yeyote amuuze. Wote sita walikuwa wananitazama, na Felisita alikuwa amekunja mikono kifuani kama anaomba. Nikasema, "Hapana, sijampa mtu."

Nilipokata simu Sia aliniuliza kuna nini. Nikamwambia kuna mtu amekamatwa na ng'ombe wangu mnadani. Jamani, wale wageni walifurahi! Sia akawaeleza kuwa hapo ndipo wanaona faida ya hereni, mama mjane ameokolewa mali yake. Wakanipiga picha nimesimama mlangoni pa zizi. Waliniambia nicheke kidogo, nikacheka.

Walipoondoka nilimfuata Felisita nyumbani kwake, ilikuwa kama saa tisa alasiri. Nilimwambia aliyekamatwa ni Luhende na maksai ni wake. Felisita alikaa chini. Akasema, "Shoga yangu, ukienda kusema leo, hao wageni wanatufuta wote ishirini na wawili. Subiri Jumanne wakiisha kusaini. Luhende ni mtu mzima, siku tatu hazimuui." Sisemi haya ili nimtupie yeye. Felisita ameteseka na kikundi hiki, tofali za wanachama wagonjwa alizifyatua yeye. Hakujua habari ya upasuaji. Mimi nilijua, na nilinyamaza.

Jumapili tarehe 10/8/2025, saa saba mchana, Scola alikuja kwangu. Alitembea akishika tumbo, kila baada ya hatua kadhaa anasimama. Nilijua amekuja kunitukana, nikasema moyoni afadhali. Hakunitukana. Alikuwa hajui nimeshapigiwa simu. Alikuja na bakuli la ugali na mlenda, akaniomba nimpelekee mume wake kituoni kwa kuwa yeye hawezi kufika. Akasema, "Wamemshika bure tu, mayu. Siku ukiulizwa wewe yataisha." Nikapokea bakuli.

Nilifika hapa kituoni saa tisa na nusu. Askari wa zamu aliniruhusu kumpa chakula dirishani. Luhende alinisalimia kama kawaida, akauliza hali ya watoto. Kisha akasema, "Nimewaambia wakutafute wewe. Nimewaambia atakachosema Flora ndicho." Alikula akamaliza. Sikumwambia kwamba walishanitafuta na nilishasema. Nilichukua bakuli nikaenda nalo nyumbani. Nilipolipeleka kwa Scola aliniuliza kama mzee amekula, nikasema amekula. Hilo tu ndilo lilikuwa kweli siku nzima.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa stendi, nimeinjika mafuta ya maandazi. Basi la kwenda Mwanza likaja. Nilitazama wanaopanda, mmoja mmoja. Scola hakuwemo. Basi likaondoka. Niliona aibu mpaka nikahisi homa. Nikaepua mafuta, unga nikamwachia jirani yangu wa meza, nikaja huku. Njiani nilimpigia Felisita nikamwambia ninakokwenda. Alilia. Alisema, "Sasa tutapikia nini, Flora?"

Nimeulizwa ninamtambuaje maksai kuwa ni wa Luhende. Ng'ombe wote wa Luhende wana mikato miwili sikio la kulia, ni alama ya ukoo wao. Maksai aliyefungwa uani kwenu anayo. Wale watatu walioko zizini kwangu wanayo pia. Hereni ya njano imewekwa mwaka huu, mikato hiyo ni ya tangu ndama.

Nimeulizwa kama wanachama wengine wa kikundi nao wana ng'ombe wa kulaza. Kila mtu aulizwe zizini kwake. Mimi najibu la kwangu. Mimi Flora sina ng'ombe hata mmoja, sina hata ndama. Shimo la mtambo nimelichimba na wanangu mpaka mita mbili na nusu, tofali zimeshachomwa, na ninajua sitajengewa. Nimeelezwa pia kuwa naweza kushtakiwa kwa kumdanganya askari kwenye simu. Nimesikia. Ninachoomba ni Luhende atolewe leo, na hospitali ipigiwe simu iambiwe kuwa mgonjwa hakupuuza.

Haya yote nimeyatenda na kuyasema mimi mwenyewe, na maelezo yangu yanaishia hapa.

Saini ya shahidi: Flora Mboje
Muda wa kumaliza: Saa 3:50 asubuhi

UTHIBITISHO WA MWANDISHI

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Method, kama yalivyotolewa na shahidi. Nimemsomea, ameyakubali kuwa sahihi isipokuwa mahali pamoja. Kuhusu mazungumzo ya dirishani nilikuwa nimeandika "nilishindwa kumwambia". Shahidi ametaka iandikwe "sikumwambia", nikarekebisha mbele yake.

Saa 4:30 asubuhi nilikagua maksai aliyepo uani na ng'ombe watatu walioko kwa shahidi. Wote wana mikato miwili sikio la kulia, ya zamani. Mkuu wa kituo ameelekeza mtuhumiwa aachiwe, na afisa wa mradi ataarifiwe.

Luhende Masalu aliachiwa saa 6:35 mchana na kukabidhiwa maksai wake. Hospitali ilipigiwa simu mbele yake, mgonjwa amepangiwa tarehe 1/9/2025. Nilimweleza aliyosema shahidi, pamoja na lile la simu ya Jumamosi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama Flora amesema mwenyewe au tumembana. Nilimjibu amekuja mwenyewe. Nilimuuliza kama anahitaji askari wa kumsindikiza kuwachukua wale watatu waliobaki.

Alijibu, "Waache walale palepale," akamfungua maksai na kuondoka naye.