Masizi Kwenye Ulimi wa Mama

Temeke,
9 Juni 1951

Mdogo wangu Audax,

Salamu nakupa kwa kuwa tulilelewa tusianze neno bila salamu. U mzima? Sisi tu wazima, isipokuwa mama, ambaye barua yako haikumjulia hali. Umeuliza tu kama Jumamosi atakuwepo, maana picha za kwanza hazikutoka vizuri.

Ulipomleta yule Mzungu wa lugha za makabila, ulitueleza kwamba ipo herufi, n yenye mkia uliojipinda, ya kuandikia sauti ile ambayo mama huitoa puani, na kwamba wenzake Ulaya wanataka kuifuta. Ukasema mama akisaidia kuitetea, utaajiriwa moja kwa moja ofisini kwake. Nikakubali, nikidhani atasemeshwa tu.

Kumbe mmekuja na masizi. Mkampaka mama ulimi masizi na mafuta, akatamka neno mlilotaka, mkamtia kioo kinywani kutazama ulimi uligusa wapi, mkapiga picha. Mama alivumilia kwa ajili yako. Halafu ukamwita mume wangu Anselmo ashike taa. Audax, Anselmo ni mkwe. Tangu anioe hajamwona mama akitafuna hata ndizi, na mama akipiga miayo hujifunika kanga. Wewe ukamfunulia kinywa chote, kina mapengo, cheusi kama chungu. Usiniambie ulisahau. Uliliona jambo dogo mbele ya ajira yako.

Sasa mama hali nyumbani kwangu. Sahani yake naipeleka kwa jirani yetu Zubeida, na Anselmo anapita uani kama mwizi. Nina hasira nawe ambazo sijapata kuwa nazo kwa mtu.

Sikiliza nililofanya. Juzi bwana wako, yule Mzungu, alikuja mwenyewe kuulizia Jumamosi. Nilimwambia mama amefariki, tumeshazika. Alivua kofia, akasema atakupa ruhusa ya matanga. Kwa hiyo wenzako ofisini wakikupa pole, ipokee kwa adabu.

Mama alikuwa uani akichambua mchicha, akasikia yote. Nilijua atanigombeza kwa kumzulia kifo. Aliniambia sikusema uongo, kwani mama yake Audax alikufa siku ile ya masizi, na huyu aliyebaki ni mama yangu mimi.

Wasalimie majirani wa Kinondoni.

Ni mimi dada yako,
Tekla