Kwa Baba Bethwel, Aliyeombea Zizini

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka ghafla hapa Sachangwan. Waliofiwa kabla yetu walituambia kwamba mwaka ukiisha mtu huanza kuelewa. Sisi bado. Tumechanganyikiwa kama siku ya mazishi, ila kuchanganyikiwa kwenyewe kumebadilika, na hilo ndilo tunalotaka kukueleza.

Ulikuwa mtu wa kazi na wa utani. Ulilima viazi, ukapasua kuni, ukabeba wagonjwa wa watu hadi barabarani, na jioni ukawauliza wajukuu ni nani amechoka ili umcheke. Wewe mwenyewe hatukukusikia hata siku moja ukisema umechoka. Tulidhani Mungu alikuumba bila sehemu hiyo.

Ulipoondoka, wa kwanza kugoma alikuwa Natalie, ng'ombe wako uliyemdekeza kuliko sisi watoto. Alibana maziwa, akamwachia ndama wake tu. Kati yetu watoto, Kipsang alijaribu kumkamua, akapigwa teke akaanguka na ndoo. Cheruto akavaa koti lako ili amdanganye kwa harufu. Ng'ombe akamtazama tu, sisi tukaona aibu. Daktari wa mifugo alisema hana ugonjwa wowote.

Wa pili kugoma alikuwa Mama. Yeye aliyewaongoza akina mama kanisani alianza kukaa karibu na mlango, baadaye akaacha kwenda kabisa. Mchungaji alipokuja kumwona, Mama alimwambia, "Wewe omba tu, Pasta. Mimi nimeishiwa." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesema chumvi imeisha nyumbani. Hapo tuliogopa, Baba, kuliko hata siku ile ya msiba.

Kisha Mama akataka Natalie auzwe. Mnunuzi alikuwa amefika, anakunywa chai, Winrose jirani yetu alipopita na kuuliza kama huwa tunaomba tukimkamua huyo ng'ombe.

"Kuomba aje?" Chepkemboi akauliza.

"Kwani hamkujua? Mzee alikuwa anaomba hapo kila asubuhi. Nikija kuchukua maziwa namsikia. Nyinyi mlidhani anaongea na ng'ombe! Alikuwa anaanza tu hivi, 'Bwana, nimechoka.' Halafu anawataja nyinyi wote mpaka amalize kukamua."

Baba, hilo lilituvuruga. Kumbe ulikuwa unachoka? Kila siku? Na hukutuambia sisi, ukamwambia Mungu, na Natalie akisikiliza? Mpaka leo hatujui kama tufurahi au tukukasirikie, na wengine wetu tumefanya yote mawili.

Mama alivaa gambuti zako, akachukua kigoda, akaenda zizini, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe. Tulimsikia akisema kwa ukali, "Bwana, nimechoka. Hata na wewe nimechoka." Halafu akalia, na ndani ya kilio hicho akaanza kututaja mmoja mmoja, Chepkemboi, Kipsang, Cheruto, na maziwa yakashuka.

Chepkemboi anasema ng'ombe alizoea maneno, basi. Kipsang anasema ni Bwana. Mchungaji naye alikuna kichwa akasema, "Hiyo hata mimi sijui, lakini msimuuze." Mnunuzi aliondoka ameshiba chai tu.

Tunachojua ni kwamba asubuhi iliyofuata Mama alienda tena, na iliyofuata pia. Uchovu haujaisha. Anamwambia Mungu waziwazi, halafu anasimama na kufanya kazi ya siku hiyo. Jumapili moja tulimkuta amefunga kitambaa, ametangulia njiani kwenda kanisani, anatuita wavivu. Miaka yote tumehubiriwa kwamba nguvu hutoka kwa Bwana, tukaitikia amina. Hatukujua kwamba mtu huanza kwa kukubali kuwa hana.

Jambo moja lilikuwa bado linamtatiza Mama, nalo ni jina lako. Akuombee nini, na wewe umepumzika? Akikuruka, anahisi amekutupa. Kila alipofika hapo mikono ilisimama, mpaka Natalie akageuza kichwa kumwangalia. Juzi Cheruto alimsikia akivuta pumzi, kisha akasema polepole, "Na Bethwel, Bwana, huyo unaye tayari. Hawa niachie." Akaendelea kukamua.

Unakumbukwa na mkeo Sally. Watoto wako Chepkemboi anayeishi Free Area, Kipsang na Cheruto. Wajukuu wako wote, wanaokataa kukiri kuwa wamechoka. Jirani yako Winrose, na kanisa lote.

Tulitaka kumaliza kwa kuandika kwamba tutakukumbuka daima. Mama amekataa. Anasema daima ni mzigo mrefu kwa watu waliochoka. Basi leo tumekukumbuka, Baba. Kesho, Mungu akitupa nguvu, tutakukumbuka tena.