Madoa Niliyoyaita Uchafu

Wadi ya Wazee,
Chumba cha Mwisho.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako aliyebaki mifupa na ubishi. Hujambo huko ugenini? Kile kikohozi kimekuacha? Usinijibu "naendelea vizuri tu" kama unavyomjibu mama yako. Mimi siendelei vizuri. Daktari huniambia, "Tunapambana, mzee," nami namwona yeye akipambana na usingizi.

Hapa kila kitu kinanitia kinyaa: shuka zinazonuka dawa, uji usio na chumvi wala sukari, na muuguzi anayenipigia makofi nikimeza vidonge. Lakini hicho ni kinyaa kidogo. Kikubwa kimeletwa na barua yako.

Uliniandikia kwa furaha kwamba umezipiga mionzi seli zako za maabara, ukahesabu madoa yanayong'aa pale DNA ilipokatika, na siku ya pili mengi yakawa yamezimika kwa kuwa mikato imeungwa. Yaliyobaki, ukasema, yamekaa pembezoni mwa sehemu ambazo kromatini imeshonana, nawe utayatoa kwenye hesabu kwa sababu "mjomba alishatufundisha kwamba huo ni uchafu wa rangi." Nilipofika hapo nilitapika. Muuguzi akaulaumu uji.

Si uchafu, mwanangu. Somo hili sasa unalijua kunishinda, lakini acha niliseme lote nisipate pa kujificha. Uzi wa DNA umezungushwa kwenye protini, na hiyo ndiyo kromatini. Mahali pengine umelegea, mahali pengine umekazwa kama robota la nguo. Ukikatika palipolegea, protini za ukarabati huingia zikaunga upesi. Ukikatika ndani ya robota, hazina pa kupita. Seli hulazimika kulegeza kwanza, na kuuvuta ule mkato hadi ukingoni, ndipo uungwe. Ndiyo maana madoa hayo hukawia, na ndiyo maana hukaa pembezoni.

Mama yako aliyaona kabla hujazaliwa. Tulikuwa na maabara moja na darubini moja, kaka na dada, tukigombania kiti. Makala yangu, iliyodai kwamba seli huunga kila mahali kwa mwendo uleule, ilikuwa imekwisha kubaliwa. Akaja na slaidi zake mbele ya wanafunzi.

"Kaka, uchafu gani huu unaojua mipaka?"

Nilijua papo hapo kwamba yuko sahihi. Nikamjibu, "Dada, futa miwani kwanza, halafu ufute slaidi."

Walicheka hadi wengine wakashika meza. Mama yako hakufuta kitu. Alivua koti lake jeupe, akalikunja vizuri, akaenda kufundisha sekondari mpaka alipostaafu. Nyumbani sote tukasema eti anapenda watoto.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema watu. Mimi ufa niliupaka rangi, na wakubwa wa chuo wakaniwekea kibao chenye jina langu mlangoni mwa maabara ileile. Nasikia hukisugua kila wiki. Nakionea kinyaa kuliko beseni langu la kutemea.

Na huyo mama yako huja kila Ijumaa na chupa ya supu. Juzi alinishika kidevu, akatoa leso. "Tulia, kaka. Una uchafu hapa." Nilitaka kumwambia. Nikaomba maji.

Basi usitoe hata doa moja. Yahesabu ya siku ya pili, kisha urudie ya siku ya tatu. Jarida nimekwisha kuliandikia liiondoe makala yangu. Picha zako mtumie mama yako kabla ya msimamizi wako, wala usimfafanulie; atajua anaangalia nini. Yaliyobaki nitamwambia mimi Ijumaa, kabla hajafungua chupa. Akiondoka na supu yake, ni haki yake.

Nisalimie mumeo fundi saa, na binti yenu Kijiko, aliyenitafunia kalamu akaniachia kifuniko. Mungu akujalie macho ya mama yako, na akuepushe na ulimi wangu.

Nakupenda, hata kama baada ya barua hii hutaweza kunirudishia neno hilo.

Ni mimi,
Mjomba wako.