Mama amelipaka ua langu mafuta ya alizeti

Jumamosi. Upepo haujapumzika tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye vikombe. Roho yangu nayo imechafuka, na hilo siwezi kuusingizia upepo.

Leo nimemfokea mama yangu mzazi. Kisa, ua.

Nina ua la ndani linalotambaa, lenye majani mazito kama yametengenezwa kwa nta. Aliyeniuzia analiita hoya. Limepanda kamba ya dirisha la sebuleni hapa Mandewa mpaka limefika juu ya pazia. Miaka mitatu nimelibembeleza: maji kidogo, udongo ukauke kwanza, jua la asubuhi tu. Halijawahi kuchanua. Wiki iliyopita nikaona kikonyo chenye vitumba, nikapiga kelele hadi jirani akaja mbio.

Leo narudi kutoka sokoni, nakuta majani yanameremeta. Mama kayapaka jani moja moja mafuta ya alizeti aliyokuja nayo kutoka kwake Iguguno. Vitumba vimedondoka sakafuni.

"Mama! Umeliua! Nani kakutuma?"

Mtu mzima mimi, na watoto wangu, nimeongea na mama hivyo. Jamani!

Akainama, akaokota vitumba kimoja kimoja. "Nisamehe, mwanangu. Niliona limepauka, nikajua ngozi imekauka."

Mafuta yanaziba majani yasipumue, kwa hiyo nilichukua maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo nikaanza kuosha. Mama akaja kushika matawi bila kuitwa. Tulipofika katikati ndipo akaniambia kwamba baba alipokuwa hoi kitandani, kila asubuhi alimpaka mafuta hayohayo miguuni, maana ilikuwa inapasuka. Baba ametutoka miezi minne sasa. Mama bado anaamka saa kumi na moja, na mikono haina wa kumpaka.

Nilitaka kulia, nikajifanya nasugua. Ndivyo nilivyo. Hasira zinawahi, neno zuri linachelewa.

Ua limebaki safi. Kikonyo hakijakatika, na nasikia hoya huweza kuchanua tena palepale. Lisipochanua, basi. Hilo silo linaloninyima raha.

Tulipokunywa chai mama kasema Jumatatu anarudi Iguguno, "nisije nikakuharibia na vingine." Kasema huku anacheka. Namjua mama yangu, hicho si kicheko. Na kule anarudi kwa nani? Kwenye nyumba ambayo kila chumba ni baba. Mimi ndiye niliyemfuata baada ya arobaini, nikamwapia kwamba hapa ni kwake.

Halafu nikagundua kitu kilichonichoma. Leo nzima, aliyeomba msamaha ni yeye.

Mimi sijasema chochote. Kwetu mtoto ndiye anayemwendea mzazi, anapiga magoti, anasema kosa lake kwa mdomo wake. Mimi nimeosha majani nikadhani yatanisemea. Na sasa nimekaa na simu nawaungamia watu nisiowajua, wakati mwenye haki ya kusikia yuko hatua kumi kutoka hapa.

Namwona dirishani. Yuko uani anaanua nguo kwenye kamba. Za watoto anaziacha, anaanua zake tu.

Ngoja niiweke simu. Naenda kupiga magoti hukohuko uani, kwenye vumbi, na majirani wakitaka waone.