Sikio la Kushoto

Shoga, mie na dada tumerudi kutoka kwa daktari.

Unakumbuka nilivyoanguka saluni nikimsuka mteja, ukasema ni njaa? Si njaa!

Mie nilijua ni maji tu sikioni. Daktari akaitazama picha ya kichwa, akasema, "Maji yapo, lakini siyo yanayokuangusha. Kuna uvimbe kwenye mshipa wa kusikia."

Uvimbe, shoga! Kichwani mwangu!

Kisha akazunguka upande wa kushoto, akaendelea kusema. Sikio hilo siku hizi halishiki neno. Nilimwona tu dada akiziba mdomo.

Nikamuuliza, "Kasemaje?"

"Twende nyumbani kwanza."

Sasa kajifungia bafuni, kafungulia bomba. Nimeegemeza sikio zima, la kulia, mlangoni.

Analia, shoga.