Koti la Marehemu na Mti wa Musave

Kingi, Alhamisi, Oktoba 1953

Majani mawili tu yamebaki! Ng'ombe wa jirani yangu Mama Rebeka anautafuna mche wangu wa musave, nami niliupanda ili upendeze uani na ndege wapate matawi. Leo nilisimamisha kijiti kando yake, nikakivika koti la marehemu mume wangu, ili ng'ombe adhani kuna mtu.

Hakuogopa. Alianza kulamba kola.

"Kumbe Papa iko mutamu!" Mama Rebeka akapiga kelele, akimtania marehemu.

"Ni chumvi ya jasho yake," nikamjibu, tukacheka mpaka machozi.

Majani ng'ombe hakuyagusa. Lakini nguo nyingine ya mume wangu sina, na ulimi ule utaimaliza hii.

Nimeliacha koti palepale. Kesho nitaongeza chumvi mfukoni, ng'ombe azidi kuyasahau majani.