Chembe Yako na Penseli ya Baba

Kaka,

Salamu sikupi. Barua yako imefika, kurasa nne nzima za nutrino, hiyo chembe moja yenye nguvu za ajabu mliyoinasa kwa mitambo yenu chini ya bahari. Hamjui ilikotoka. Labda shimo jeusi katikati ya galaksi ya mbali, labda miale ya anga iliyogongana na mwanga wa kale uliobaki tangu ulimwengu uanze. Halafu mstari wa mwisho kabisa: "Baba hajambo?"

Baba ameisoma mara tano. Unamjua, kustaafu upimaji ardhi hakukumtoa upimaji kichwani. Ramani ya nyota uliyoituma na barua ameichorachora kwa penseli, huku anagomba: "Hapa anaposema ilitokea pana galaksi kumi na mbili! Mpima gani anaweka jiwe la mpaka namna hii? Mwambie asubiri chembe ya pili itoke hukohuko, ndipo aseme."

Nilicheka, kisha hasira zikanipanda, maana penseli anaishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umekufa ganzi tangu mwezi uliopita. Ana uvimbe kichwani, Ijumaa wanampasua. Amenikataza kukuambia, eti utaharibu hesabu zako. Nyote wawili mmenichosha!

Usinipigie simu ya pole. Chembe yako imesafiri labda mabilioni ya miaka, haikusimama popote mpaka ikafika. Kwako wewe ni kupanda ndege mbili tu.

Salamu nitakupa mlangoni.

Dada yako